Ingia Kwanza, Ndipo Ufunge

...na bado hajafunga, umebaki mstari mmoja tu wa herufi yake, wa chini, chaki kaishika hewani kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani, nami nimeshamwambia, Lukresia, ukuta wa kushoto kwanza, kisha dari na ukuta wa kulia kwa mkupuo mmoja, halafu kijumba kidogo ndani, ndipo ufunge chini, maana mtu huingia kwanza ndipo afunge mlango, ndivyo alivyotufundisha mwalimu wetu kule Peking tulikopelekwa kusomea reli, wanaume wazima na ndevu zetu, baridi inatafuna vidole, anagonga meza, ingia kwanza, funga baadaye, nasi tunacheka chinichini... "Maliza, mwanangu," nasema. "Nangoja," anasema, anangoja nini, miaka sita tu na ubishi wa wakwe zangu wote, na nje bibi yake anapepeta mpunga lakini masikio yake yamo humu ndani, mama yangu huyu siku hizi hanisemeshi ila habari za chumvi na kuni, na sakafu yote imejaa maandishi yetu ya Kichina, mti, mlima, mtu... hapana, mtu nisimwangalie, maana alikuwa hapahapa, Anisia alichuchumaa hapa na ufagio kwapani, akachora mtu kwa chaki ya mtoto, mstari huku, mstari huku, miguu miwili, akaniuliza, "Baba Lukresia, nimepatia?" naye cheti chake cha kisomo cha watu wazima hata gundi haijakauka ukutani, na Masele wa stesheni amekaa pale na chai yake, nikaona utamu wa kumchekesha mgeni, nikamwambia mke wangu, wewe Kiswahili chenyewe unakiandika kwa jasho, Kichina utamwandikia nani, kuku? Masele akacheka hadi chai ikamwagika, Anisia akapitisha ufagio juu ya yule mtu wake, taratibu, na asubuhi akapanda lori la mizigo kwenda kwao Ushirombo, na kinachoniuma ni kwamba alikuwa amepatia, miguu yote miwili, mimi mwenyewe Peking ilinichukua muda... Kaondoka mwenyewe, atarudi mwenyewe, nilimwambia mama hivyo, akaweka ungo chini, akasema, "Ng'wana wane, mwanangu, mke hafuatwi kwa kununa," na najua anataka nini, anataka nimchukue mjomba twende, nikae uani kwa mkwe nisubiri kuitwa, niulizwe mbele ya shemeji zangu ulimfanya nini dada yetu, nijibu nini, kwamba nilimtaja kuku? Mimi niliyevuka bahari nikarudi na lugha ya watu, Isaka nzima wananiita Mchina, nikaulizwe na wakulima wa mihogo... "Lukresia, chaki inayeyuka mkononi, funga hiyo nyumba." Haniangalii, anakiangalia kijumba chake, anasema polepole, "Baba, nikifunga saa hizi, mama atapita wapi?" na nje ungo umenyamaza, na mimi neno hili sijamwambia maana yake, nimempa sauti tu, hwei, kulikuwa na neno jua, kulikuwa na neno shamba, yote hufungwa chini vilevile, kwa nini leo mkono wangu umechagua hili, ni neno la kurudi, mwanangu, kurudi, nami niliogopa kulitamka humu ndani... acha wazi, nasema, au nadhani nimesema, chaki bado iko hewani, mama bado hajapepeta, na mimi ninawaza nani atanishikia zamu kesho, Masele, huyohuyo Masele, atanishikia atake asitake, na nikifika Ushirombo nisiitwe ndani hata jua lizame, nitachuchumaa palepale uani, mkwe anaona, shemeji wanaona, nitaokota kijiti nichore mtu kwenye vumbi, mstari huku, mstari huku, nimuulize Anisia, nimepatia?