Salamu ya Mashine

Mwahija alipoletewa habari kwamba Bashiri amerudi Shinyanga, na kwamba yeye na Mageni wanamwita karakanani wakumbushane ya zamani, hakujua acheke au alie. Miaka mitano Mageni akimwona kwa mbali anavuka barabara, leo eti anamwita! Hata hivyo alioga, akapaka wanja, akajitanda kanga ambayo haijaingia maji hata mara moja. Tusidanganyane, mwanamke huyu hakwenda kule kwa ajili ya soga. Alikwenda na tumaini moja tu, kwamba leo, mbele ya Bashiri, Mageni atatamka kwa kinywa chake kuwa hakuwahi kuyaamini yale maneno.

Maneno yenyewe mtaa mzima wa Ngokolo uliyajua. Mwaka themanini na tatu, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu wanamwaga sukari chooni na kufukia vitenge shambani, askari waliingia kwa Mageni, fundi redio. Walichukua kompyuta ndogo isiyo na kibali, wakachukua televisheni iliyounganishwa nayo, wakamchukua na fundi mwenyewe. Nani kamchoma? Watu hawakuumiza kichwa. Mwahija alikuwa opereta wa simu, na simu zote za mji zilipita mikononi mwake. Basi ni yeye, nani mwingine? Tangu siku hiyo akiingia dukani mazungumzo yanakatika, na posa iliyokuwa njiani kutoka kwa kina Mageni iliishia hukohuko njiani.

Alimkuta Mageni amekaa kwenye stuli yake, chuma cha kulehemu mkononi, redio tatu zimepasuliwa mezani. Bashiri alikuwa amejaza kiti chote. Enzi zile alikuwa karani mwembamba wa kiwanda cha pamba, sasa alikuwa mnunuzi wa dhahabu kule Rwamgasa, ana tumbo, ana saa inayong'aa, na pembeni yake kuna kompyuta mpya ambayo hata nailoni yake haijatolewa.

"Dada Mwahija! Huzeeki wewe?"

"Nazeeka, kaka Bashiri. Za masiku?"

"Njema tu. Kaa, kaa hapa. Leo hatuzungumzi biashara kwanza."

Mageni alimsalimia bila kuinua macho. Mwahija aliliona hilo, akajiambia ni haya, mwanamume akikosea hujikunja hivyo.

Bashiri alianza na kadi zake, kama kawaida yake. Mwaka sitini na tisa, alisema, alipelekwa Dar es Salaam kujifunza kutoboa kadi za mashine, mashine yenyewe kubwa kuliko chumba hiki, inapulizwa ubaridi mchana kutwa wakati binadamu wanaloa jasho. Kila mstari wa Cobol, lugha ya mashine ile, ulikuwa na kadi yake. Siku moja alijikwaa ngazini, kadi zikamwagika mpaka chini, na msimamizi wake akamwambia azipange au apande treni arudi kwao.

"Nilizipanga huku nalia," alisema Bashiri. "Wallahi nalia!"

Walicheka. Hata Mageni alicheka, na baada ya kicheko akapata ulimi.

"Mnaikumbuka leta?"

Nani angeisahau! Kompyuta ile walipewa na mpima miamba mmoja aliyekuwa anafunga virago Geita, nayo ilikuja na kitabu kilichopotea kurasa za mwanzo. Mageni alikuta mahali pameandikwa LET A, akasoma kwa mkazo, "leta!" Akaamini kabisa kwamba lugha hii ya Basic imetungwa na mtu anayejua Kiswahili. Leta, mashine inaleta. Mbele akakuta END, akasema hiyo ni enda, herufi imedondoka. Akaiandika mwisho wa programu yake ya kupanga bei za betri, akakaa anasubiri mashine iende. Mashine ikasimama. Akaandika tena, ikasimama tena. Alikasirika akaizimia umeme.

"Nikasema hii mashine ni kaidi," alisema Mageni. "Naiambia enda, haiendi!"

"Na ule ugomvi wa shikamoo!" Mwahija alidakia, machozi ya kicheko yakimtoka. Siku mbili walibishana, mashine ikiwashwa nani aanze kumwamkia mwenzake. Mageni alishika kwamba mashine ni mtoto, haijafikisha hata mwaka, lazima itoe shikamoo. Bashiri alisema inajua hesabu kuwashinda wote, kwa hiyo wao ndio waiamkie. Mwahija ndiye aliyeandika programu, akawamaliza: ikaandika SHIKAMOO, nawe usipojibu MARAHABA haikufanyii kazi.

Moyo wake ulikuwa mwepesi sasa. Aliona kama ile miaka mitano haikuwepo, kama posa inaweza kuendelea kutoka ilipokwama.

Bashiri alifuta macho. "Lakini mie iliyonichekesha zaidi ni ile salamu ya Kisukuma. Unaiwasha, inakuandikia MWADILA MAYU. Mayu! Mimi na ndevu zangu naitwa mama! Nilicheka peke yangu mpaka nikashika ukuta."

Mwahija aliacha kucheka.

"Hiyo uliiona wapi, kaka Bashiri?"

"Si hapahapa?"

"Hapana." Alizungumza polepole, maana na yeye mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anaelewa. "Ile niliiandika peke yangu, jioni ya mwisho. Kesho yake mama yake Mageni alikuwa anakuja kuiona mashine, na Kiswahili kinampa tabu. Nilitaka imsalimie kwa lugha yake. Niliirekodi kwenye kaseti, nikaiacha kaseti ndani ya redio inayoisomesha mashine, nikazima, nikaenda zangu. Sikumwambia mtu. Asubuhi askari wakafika kabla haijawashwa, wakabeba mashine na kaseti yake. Sasa wewe uliiwashia wapi?"

Bashiri alitazama saa yake ile inayong'aa, kana kwamba jibu lipo humo.

"Bwana we, mambo ya zamani..."

"Uliichukua wewe! Wewe ndiye uliyemchoma Mageni, ukapewa mashine na hao rafiki zako wa msako. Ukaenda nayo Rwamgasa ukajifanya mtaalamu kwa programu zangu! Na mimi nimeitwa msaliti miaka mitano! Mwanaharamu wee!"

Alimgeukia Mageni. Alitegemea stuli ianguke, alitegemea mikono ile ya fundi iwe tayari kwenye kola ya shati la Bashiri. Mageni alikuwa anakwangua risasi kavu kwenye ncha ya chuma chake cha kulehemu, taratibu kabisa.

"Mageni, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi? Husemi kitu?"

Mageni aliendelea kukwangua. Na hapo, jamani, ndipo Mwahija alipoelewa.

"Ulikuwa unajua."

"Bashiri alikuja rumande," alisema Mageni. "Alisema ananitoa, ila mashine inabaki kwake na jina lake lisisikike. Ningefanyaje? Watu walikuwa wanapotelea mle. Sasa mama naye akaja, analia, anataka kujua ni nani. Alikataa kuondoka mpaka nitaje mtu."

"Ukanitaja mimi."

"Nilijua watu wataamini. Kwa sababu ya simu."

Bashiri alijikohoza. Alisema hayo yamepita, kwamba wameitana leo kwa jambo la heri, anataka kufungua darasa la kompyuta hapa Shinyanga, Mageni atengeneze na Mwahija afundishe, maana kusema kweli hakuna anayeijua Basic kama yeye.

"Nyamaza wewe!" Mwahija hakumtazama hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwa yule wa kwenye stuli. "Mageni, twende sasa hivi kwa mama yako. Yuko hapo nyuma anachambua mchele. Umwambie."

"Mama ana ugonjwa wa moyo, Mwahija. Nikimwambia leo kwamba nilimdanganya..."

"Kwa hiyo hutamwambia?"

Mageni aliinamia redio zake. Mwahija alisimama.

"Wakati uko ndani nilikuletea chakula. Unga wa foleni, napanga toka alfajiri, nakuja nasimama na sufuria pale mlangoni askari wananitania. Mama yako alikuja lini kukuuliza?"

"Siku ya kwanza."

"Kabla sijaanza kuleta."

"Kabla."

"Na ukawa unakula."

Mageni aliweka chuma mezani. Kwa mara ya kwanza tangu Mwahija aingie, alimtazama usoni.

"Nilikuwa na njaa," alisema.