Lenzi Isiyoulizwa Jina

Hervé alikuwa na ugonjwa mmoja: kifaa kikimwomba kitu, anakipa. Dukani kwake, pale nyuma ya soko la samaki la Nchelenge, alitengeneza simu za watu kutwa nzima, na simu yoyote iliyoomba programu mpya ilipewa bila maswali, mwenyewe akiwa ameshatoka kununua vitumbua. Kwa simu, sawa. Lakini Alhamisi ile kilichoomba kilikuwa kamera ya Pierrette, mke wa kaka yake, na Hervé, Mungu amsamehe, akabonyeza ndiyo.

Pierrette alipokuja kuichukua, kamera iliwaka vizuri tu, kisha ikaandika kwenye kioo chake: lenzi hii haitambuliki. Akaichomoa lenzi, akaifuta kwa pindo la kitenge, akairudisha. Haitambuliki. Akazima, akawasha. Kamera ilikuwa imekaza shingo.

"Hervé," akasema polepole, na wanaomjua Pierrette wanajua kwamba akianza kusema polepole ni heri uwe umepanda baiskeli uko njiani kwenda Kabuta. "Umefanya nini kamera yangu?"

"Mise à jour tu, programu mpya, shemeji. Iliomba."

"Iliomba! Na ikiomba uitupe mu ziwa, utaitupa?"

Lenzi yenyewe haikuwa ya wizi. Pierrette aliinunua Lubumbashi, mpya, ndani ya kasha lake. Kosa lake lilikuwa moja: ilitengenezwa na kiwanda kingine, si na kampuni ya kamera. Na kampuni, huko mbali iliko, ilikuwa imeamua kwamba mlangoni mwa kamera zake hizi mpya watapita wale tu iliowapa ruhusa. Kamera na lenzi huongea kupitia pini ndogo za shaba. Kamera inauliza, wewe nani? Lenzi inajibu jina lake. Miaka yote jibu lile lilikubaliwa. Sasa programu mpya imekuja, na lenzi ya Pierrette imegeuka mgeni asiye na vibali.

"Kwa hiyo mi nimenunua nyumba," Pierrette akasema, sauti sasa imepanda na soko zima linasikia, "halafu mutu mwingine anakuja kubadilisha kufuli, anasema lazima nimuulize yeye nani anaingia kwangu? Kamera ni yangu! Nililipa yote, hawakunikopesha!"

Hervé akajaribu kuirudisha kwenye programu ya zamani. Kamera ikakataa. Akajaribu tena, jasho linamtoka. Ikakataa tena. Lenzi ya kampuni yenyewe ilikuwa inapatikana Lusaka, kwa bei ambayo mtu mwenye akili angenunulia boti na injini.

Na Jumamosi ilikuwa kichen pati ya Bénie.

Hapo ndipo hasira ya Pierrette ilipogeuka kuwa kitu kingine, akakaa kwenye benchi. Bénie alikuwa mtoto wa Régine, dada yake mkubwa. Vita vilipowatoa Pweto wote walivuka kuja upande huu. Baadaye Régine akarudi Kongo na kukaa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, akamwacha binti amalize shule kwa mama yake mdogo. Sasa Bénie anaolewa na Kangwa, kijana wa Mwansabombwe, na Régine amevunjika mguu, amelala na chuma ndani ya paja. Boti hawezi kupanda. Alituma sauti kwenye simu, neno moja tu la maana: "Pierrette, mi niletee sura ya mutoto wangu ile saa wanamufunua. Si mbele, si nyuma. Ile saa. Na iwe kubwa, nitaiweka ku ukuta."

Kwa sababu bibi-arusi, kwenye karamu hiyo ya akina mama, huingizwa amefunikwa kitenge kichwa mpaka magoti, anaketishwa kwenye mkeka, anafundishwa na kuimbiwa, halafu bwana-arusi anaitwa na kuja kumfunua. Mara moja. Hakuna anayesema, samahani, mrudishieni kitenge, picha haikutoka.

"Tupige na simu," Hervé akanong'ona.

"Mu ile giza ya ukumbi wa kanisa? Simu yako inageuza batu kuwa uji." Kisha akainuka ghafla, na Hervé akarudi nyuma hatua nzima. "Chukua vifaa vyako. Mi nafika nyumba, nakuja."

Alichokileta kutoka nyumbani kilikuwa kimefungwa kwenye soksi: lenzi ya marehemu baba yake na Régine, mzee Ambroise, mpiga picha wa Pweto. Kamera ya mzee ilikufa zamani, lenzi ikabaki. Chuma kitupu na kioo. Pete yake ya kulenga karibu na mbali ilikuwa imeganda kabisa, na kwenye kioo cha nyuma palikuwa na kovu, ambalo liliacha alama kwenye kona ya chini ya kila picha, kama moshi mdogo wa jiko. Wateja walilalamika. Mzee aliwajibu jibu lile lile: "Ile kona ni yangu. Ninyi wote mumekaa mu picha, na miye nikae wapi?"

Hervé akaigeuzageuza. "Shemeji, hii haina hata waya moja. Kamera itaiuliza jina, itanyamaza."

"Njo maana nimeileta! Haina mudomo. Utamwomba vibali mutu gani, jiwe?" Pierrette akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Yeye aliyeombwa karatasi kwenye kila kizuizi toka Pweto mpaka hapa, alipenda sana wazo la kitu kinachopita bila kuulizwa. "Tafuta mu ile kamera. Lazima kuna fasi wanakubali kupiga bila lenzi."

Nafasi hiyo ilikuwepo. Imefichwa chini kabisa kwenye mipangilio, lakini kampuni haikuifunga. Hervé akaiwasha, na rangi ikamrudia usoni.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono. Kofia ya plastiki inayofunika mdomo wa kamera wakaitoboa katikati. Wakakata kipande cha bomba la maji, wakakipaka masizi ya sufuria ndani ili mwanga usirukeruke, wakakibandika kwenye kofia, na lenzi ya mzee mbele yake. Mpira wa tairi la baiskeli ukazungushwa kwenye kiungo. Ilikuwa mbaya, jamani, tusidanganyane. Ilionekana kama kamera imeota goti.

Lakini kwa pete iliyoganda, lenzi ingeona vizuri umbali mmoja tu. Upi? Hapo Pierrette hakuwaza mara mbili. Akaenda kwa Mama Suwilanji, nachimbusa wa mtaa, yaani mwanamke anayefundisha mabibi-arusi, akaazima mkeka wake, ule ule unaotumika kila karamu. Bibi-arusi huketi kichwani mwa mkeka. Mpiga picha hupiga magoti miguuni mwake, ukingoni, kwa sababu hakuna anayeukanyaga mkeka ule ila wenye kazi nao. Umbali, basi, ulikuwa tayari umepimwa na desturi.

Ijumaa nzima mkeka ulikuwa umetandikwa dukani, na Hervé ameketi juu yake amefunikwa kitenge, wateja wanachungulia na kumpigia vigelegele. Pierrette anapiga, anatazama, anasugua bomba kidogo kwa msasa, anapiga tena.

"Bibi-arusi, nyamaza!"

"Shemeji, kuna joto humu."

"Ulibonyeza ndiyo. Kaa."

Jioni, kope za Hervé zilionekana moja moja. Pierrette akafunga duka mwenyewe, akaenda kulala na moyo mweupe. Angeshinda, na alijua.

Ila mkeka aliuacha dukani.

Aliukumbuka Jumamosi mchana, akiwa amevaa, kamera begani. Akakimbia kwa Hervé, akautoa, akakimbia kanisani, mkeka begani kama mtu anayehama. Ngoma zilishaanza. Na alipoingia ukumbini alimkuta Bénie ameshaketi, amefunikwa, juu ya mkeka mwingine: mpya, mzuri, umesukwa Mwansabombwe, umeletwa na shangazi zake Kangwa baada ya Mama Suwilanji kungoja wake mpaka akachoka. Mpya, na mrefu. Mrefu sana.

Pierrette akapiga goti ukingoni akaangalia. Ukungu mtupu. Ili Bénie aonekane ilibidi asogee mbele, juu ya mkeka wa watu, na shangazi wote wale wameketi pembeni wakimtazama kama mlinzi anavyomtazama mbuzi.

Aliuwaza ukuta wa Régine kule Kilwa. Lakini kuogopa hakukuwa desturi yake, hata kwa dakika. Akavua viatu, akapiga magoti mbele ya Mama Suwilanji na shangazi wote, akapiga makofi yale ya heshima, mikono imekunjwa, mpaka ngoma ikatulia.

"Mama zangu, mukwai, kwa heshima yenu. Kosa ni langu, mkeka wa Mama Suwilanji nilikaa nao miye. Wenu ni mzuri kuliko, hatuutoi. Lakini huyu mutoto mama yake hayuko. Wiki zote hizi alifundishwa ku huu mukeka wa zamani. Mutukubalie huu tuutandike juu ya wenu. Wenu ubebe wetu."

Mama Suwilanji alikuwa amekasirika kweli, alikuwa na haki. Akamtazama Pierrette toka nywele mpaka vidole vya miguu.

"Siku nyingine nikikuazima kitu, nifungie mkono," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. Halafu akawageukia shangazi, akasema nao Kibemba. Yule mkubwa wao akacheka kwanza, wengine wakafuata. "Wanasema wenu ubebe wetu ni neno zuri. Tandikeni."

Bénie akainuliwa na kitenge chake, mikeka ikalinganishwa upande wa miguu, akaketishwa tena kichwani mwa ule wa juu. "Mama mudogo," sauti ndogo ikatoka chini ya kitenge, "ni wewe?"

"Ni miye. Usilie, utaharibu poda."

Akarudi miguuni mwa mkeka wa zamani, akapiga magoti ukingoni. Akatazama. Kila uzi wa kitenge ulikuwa unahesabika. Ngoma zikapanda, Kangwa akaingia na maua, akatetemeka kama vile ni yeye anayeolewa, akainama, akashika kitenge. Nguo ikapita mbele ya kamera, pana, yenye rangi nyingi. Lenzi ya mzee Ambroise haikubabaika kuifuata, kwa kuwa haikujua kufuata chochote. Iliangalia pale pale ilipowekwa, na kitenge kilipopita, uso wa Bénie ulikuwa pale. Pierrette akabonyeza.

Dukani, Hervé akaifungua picha kwenye kompyuta. Bénie alikuwa ameinua macho tu, mdomo nusu wazi, kitenge bado hewani juu ya kichwa chake. Na kwenye kona ya chini, moshi mdogo.

"Hii kona naweza kuifuta, shemeji. Inaniuliza hapa kama—"

"Ukibonyeza kitu chochote, nitakuvunja vidole."

Jumapili asubuhi picha kubwa, imechapwa na kufungwa ndani ya nailoni, ilivuka na boti ya Stéphane, mchuuzi wa samaki wa Kilwa. Pierrette hakutuma salamu na wala hakueleza chochote, si kamera iliyogoma, si bomba, si soksi. Régine hakujua kwamba lenzi ile bado ipo duniani. Picha za harusi yake mwenyewe, ambazo baba yao alizipiga kwa mkono wake, zilibaki Pweto siku waliyokimbia, na hakuna aliyeziona tena.

Alasiri simu ya Pierrette ikalia. Ilikuwa sauti ya Régine, na mwanzo ilikuwa pumzi tu, na kilio, kisha kicheko kikichanganyika na kilio.

"Pierrette. Mutoto ni muzuri, nimemuona. Lakini ile moshi ya kona, mi naijua. Kumbe Baba alikuja ku harusi. Amekaa kwa fasi yake."