Kodi ya Kivuli

Kati ya nchi ya Pengine na nchi ya Huenda, mahali ambapo jua la adhuhuri hukaa juu ya utosi mwaka mzima, upo mji uitwao Kivulini. Waasisi wake waliupa jina hilo kwa haki, maana kila nyumba waliyoijenga ilikuwa na upenu mpana ulioshuka chini hata mtu mrefu akalazimika kuinama, na msafiri aliweza kuukatiza mji wote, tangu lango la Karibu mpaka lango la Kwaheri, pasipo jua kumgusa bega. Siku hizo nyumba zote zilikuwa za kimo kimoja. Mwenye paa pana alikuwa tajiri, na mwenye paa jembamba alikuwa fukara. Basi waasisi wakaweka sheria ambayo kwa zama zao ilikuwa na akili timamu: kila nyumba ilipe kodi kwa kadiri ya kivuli inachokitupa nje ya kuta zake wakati wa adhuhuri.

Waasisi wakafa, sheria ikabaki. Wakaja wajukuu waliojua kujenga kwenda juu, wakasimamisha majumba ya ghorofa yaliyonyooka wima, yasiyo na upenu hata wa kumkinga kuku. Jua lilipofika utosini, majumba hayo ya fahari hayakutupa kivuli cha kutosha kufunika sahani, na wenyewe hawakudaiwa chochote. Lakini kibanda cha mfinyanzi, ambacho upenu wake uliwafaa wapita njia na mbuzi wa jirani, kilidaiwa mpaka mfinyanzi akalia. Maskini wakaanza kukata penu zao. Mvua ikala kuta za udongo, jua likaingia mpaka mvunguni mwa vitanda, na hazina ya mji ikazidi kukonda kila mwaka. Mpimaji wa mji, mzee aitwaye Desturi, aliendelea kupita na kamba yake kila adhuhuri, akipima kilichobaki. Hakuwahi kuketi katika kivuli alichokipima, kwa kuwa aliyemfundisha kazi naye hakuketi.

Ungedhani Baraza la Mji lingeshtuka. Halikushtuka, na sababu yake ni ada nyingine ya watu wa Kivulini, iitwayo Ada ya Mwonjaji. Kama vile mpishi anavyoonja mchuzi kabla ya wageni, diwani aliyependekeza kodi mpya alilazimika kutozwa yeye kwanza, hadharani, kabla ya kura. Ada ilikuwa njema, ila ilikuwa na pengo: kodi ilikuwa na mwonjaji, punguzo halikuwa naye. Aliyependekeza kufuta taa za njiani hakulazimika kutembea gizani. Kwa hiyo kwa miaka mingi hakuna diwani aliyetamka neno kodi, na wote walikuwa mafundi hodari wa kupunguza. Walipunguza wafagiaji, wakapunguza taa, wakapunguza walimu, na kila walipopunguza walipongezana kwa ujasiri wao.

Miongoni mwao alikuwamo mjane mmoja jina lake Insafu, mwenye jumba refu kuliko yote mjini. Jina hilo la uadilifu alipewa na babu yake, naye alilitunza kama nguo ya wageni: safi, limekunjwa vizuri, na halitoki kabatini. Hakuwa mtu mbaya. Alisaidia misibani, alisalimia kila mtu njiani, na barazani aliinua mkono wenzake walipoinua. Binti yake wa pekee, Hidaya, alikuwa ameolewa na mfinyanzi katika mtaa wa Chinichini, upande wa mashariki wa majumba marefu, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimia.

Mwaka huo Mhazini wa mji, Bwana Bahili, alisimama mbele ya Baraza, akakohoa kwa madaha, akasema, "Mheshimiwa Mwenye Kiti, hazina imebaki makapi. Kwa huzuni isiyo na kifani, naomba tufunge Nyumba ya Mapokezi. Wanawake walizaa kabla ya kuwapo nyumba hiyo, na sina shaka wataendelea kuzaa."

Nyumba ya Mapokezi ilikuwa nyumba ya wakunga, na karibu kila kichwa kilichokuwa barazani kilikuwa kimepokewa na mikono ya humo. Bibi Mpokezi, mkuu wa wakunga, aliruhusiwa kusema maneno machache.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi sijui mambo ya hazina. Ninajua mtoto aliyekaa vibaya tumboni, na mama anayevuja damu. Mkitufunga, hao hawataacha kuja. Watakuta mlango umefungwa, na watafia hapo nje."

"Maneno mazito," alisema Mwenye Kiti, Bwana Takabari, huku akitazama nje ya dirisha. "Tutapiga kura kesho."

Insafu alitoka, akaelekea Chinichini kumjulia hali bintiye. Alimkuta Hidaya amejibanza ukutani, miguu imevimba, jasho likimtiririka, akisogea kidogo kidogo kufuata ukanda mwembamba wa kivuli usiozidi upana wa kanga iliyokunjwa.

"Mwanangu, upenu uko wapi?" aliuliza Insafu.

"Shikamoo, mama. Tumeukata. Mzee Desturi anapita wiki hii, na mume wangu hana cha kumpa."

"Marahaba. Na mbona hukuniambia? Inuka twende kwangu, kule kuna baridi."

Hidaya alicheka, ingawa alikuwa anahema. "Kwako kivuli kipo, mama, ila mmekifungia ndani. Niache hapa nilipoolewa. Mchana ndio shida. Ikifika alasiri tunapumua, maana jumba lako linatufikia mpaka hapa mlangoni. Majirani wote hutoka kukaa nje. Tunasema, haya, mama yake Hidaya amekuja."

Insafu alikaa chini mavumbini pamoja na bintiye, na jua lilipoinama akaona kwa macho yake kivuli cha nyumba yake kikivuka njia, kikipanda vibanda, kikifunika mtaa, na watu wakitoka mmoja mmoja na vigoda vyao. Watu hao walilipia kila shubiri ya kivuli chao kidogo, na yeye, mwenye kivuli kikubwa namna ile, hakuwahi kulipa hata senti. Aliona aibu, aibu kali, na hakutafuta jina jingine la kuipa.

"Kesho wanafunga Nyumba ya Mapokezi," alisema mwishowe.

Hidaya alishika tumbo lake. "Na wewe utainua mkono, mama?"

Kesho yake, kabla kura haijapigwa, Insafu alijifunga kibwebwe cha moyo akaomba kusema.

"Mheshimiwa Mwenye Kiti, sipingi kwamba hazina ni tupu. Napinga kwamba mji ni maskini. Sheria yetu inapima kivuli wakati ambao majumba yetu hayana kivuli. Napendekeza kamba ipite alasiri, na upenu ambao mpita njia anaweza kuketi chini yake usitozwe tena."

Madiwani walitazamana kama mtu ametaja maiti mezani. Bwana Bahili ndiye aliyeruka kwanza.

"Bibi Insafu, kivuli cha alasiri ni fadhila yetu kwa mafukara! Je, tutozwe kwa kutoa sadaka?"

"Upenu wa mafukara nao ulikuwa sadaka kwa kila aliyepita," alijibu Insafu. "Mbona tuliutoza mpaka wakaukata?"

Bwana Takabari akatabasamu tabasamu la mtu aliyeshika karata ya mwisho. "Bibi anaijua Ada ya Mwonjaji? Kabla hatujapiga kura, nyumba itakayopimwa kwanza ni yako. Ni jumba refu, Bibi. Fikiri vizuri. Unaweza kuyaondoa maneno yako, nasi tutasahau kwamba uliyasema."

Insafu alifikiri, na asikudanganye mtu kwamba hakuogopa. Alifikiria ukumbi wake wenye mazulia, na jina la marehemu mumewe lililochongwa juu ya mlango. Kisha alimfikiria Hidaya akifuata ule ukanda ukutani. "Nipimwe," alisema.

Alasiri mji mzima ulifurika. Mzee Desturi alisimama chini ya jumba akiwa na kamba yake, amechanganyikiwa, kwani tangu azaliwe hakuwahi kupima jua likiwa limeinama. Aliitandaza kamba juu ya kivuli, ikaisha kabla hajaimaliza hata njia, maana ilisokotwa kwa ajili ya penu. Akaomba kamba nyingine. Wanawake wa Chinichini wakaleta kamba za visimani na kamba za kuanikia nguo, wakaziunga fundo kwa fundo, na Desturi akasonga mbele huku watu wakimfuata kama bwana harusi. Kivuli kilivuka njia, kikapita kwa mfinyanzi alipokuwa ameketi Hidaya, kikaendelea. Kilikomea kwenye kizingiti cha Nyumba ya Mapokezi, na hapo Bibi Mpokezi alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake.

Desturi alifunga fundo la mwisho, akageuka nyuma kutazama alikotoka. Watu wote wakageuka naye. Kando ya kivuli cha Insafu kilikuwa kimelala kivuli cha jumba la Takabari, na kando yake cha Bahili, na vingine na vingine, vyeusi, vipana, wazi mchana kweupe, wala hapakuwa na diwani aliyeweza kusema kwamba hakioni cha kwake.

"Miaka yote hii," alisema Desturi kwa sauti ya chini, "nimekuwa nikija saa mbaya."

Kura ilipigwa papo hapo njiani, mbele ya akina mama wenye kamba mikononi. Wengine waliinua mkono kwa dhamiri na wengine kwa haya, hazina haikubagua. Takabari aliinua wa kwake mwishoni kabisa, akijifanya anajikuna kichwa. Bahili hakuinua, lakini mwaka uliofuata ndiye aliyejisifu kwamba hazina imenenepa mikononi mwake, na watu wakamwacha ajisifu.

Kodi ilimuuma Insafu kweli. Aliuza mazulia, akapangisha ghorofa za juu kwa mwalimu na kwa wasusi wa ukili, na jumba lililokuwa kimya likajaa vicheko na harufu ya vitunguu. Akajenga upenu mpana kuzunguka jumba zima, na matajiri wengine, wakiona kwamba upenu hautozwi, wakajenga wao ili wasionekane wachoyo. Huko Chinichini mfinyanzi aliurudisha wa kwake. Hidaya alijifungua katika Nyumba ya Mapokezi baada ya uchungu mrefu, maana mtoto alikuwa amekaa vibaya, na Bibi Mpokezi alimgeuza kwa mikono yake mwenyewe. Insafu aliyasikia hayo akiwa nje ya mlango, akalia mbele za watu bila kujificha.

Adhuhuri moja Mzee Desturi alipita njia ile na kamba begani, miguu ikimpeleka kwa mazoea tu. Alifika chini ya upenu wa Insafu, akasimama, akatazama juu, akatazama chini penye kivuli. Insafu alikuwa ameketi barazani na mjukuu wake mapajani.

"Hiki hakipimwi tena, Bibi?" aliuliza mzee.

"Hakipimwi, Mzee wangu. Hiki ni cha kukaa."

Desturi alisita kidogo, kisha akaiweka kamba chini. Insafu akamsogezea mkeka, na mzee akaketi.