Siku Figo za Gilho Zilipoamka

Kwetu Yeoncheon, huku Korea, wakati wa kuvuna mpunga, watu wakishakula cha mchana hujitupa palepale penye majani makavu wakasinzia. Gilho alifanya hivyo tangu ujana wake. Vuli ile, mavuno yakiwa bado shambani, homa ikamwangusha. Uso ukamwiva kama pilipili iliyoanikwa juani, macho yakawa mekundu.

"Umekunywa," mkewe Bongrye akamwambia.

"Mama Chaeok, hata harufu ya pombe sijaisikia. Mgongo unanikata!"

"Pombe haikati mgongo. Subiri nikukate mimi."

Lakini mumewe aliposhinda kutwa nzima bila kupata hata tone la mkojo, mzaha ulimwisha Bongrye. Akaazima gari la jirani, wakaenda hospitali ya mjini.

Daktari Pyo, mwanamke wa makamo, alimpima, kisha akauliza, "Mzee, ulilala shambani?"

"Nani halali?"

"Panya wa shambani wana virusi. Mkojo na mavi yao yakikauka huwa vumbi, ukilivuta virusi vinaingia mwilini. Hivi huziandama figo. Zako zimegoma kazi."

"Zimegoma mpaka lini?" Bongrye akadakia.

"Mashine itamsafishia damu, nasi tutangoja. Wengi figo zao huamka zenyewe."

Wakangoja. Gilho akavimba miguu na kope. Maji alipewa kwa kuonjeshwa tu, akawa anaota visima. Bongrye alilala kwenye kitanda kifupi cha jamaa wanaouguza wagonjwa, akamfuta uso kwa kitambaa, akamwita "mume wangu" kwa sauti laini. Gilho akaogopa.

"Mbona umekuwa mpole hivyo? Daktari kakwambia nini?"

"Hajaniambia kitu."

"Basi nitukane kidogo, nipate moyo."

Bongrye akavuta pumzi. "Mvivu mkubwa wewe! Mpunga wote umeniachia, umekuja kulala kwenye mashuka meupe kama mfalme!"

Gilho akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Naye Bongrye akacheka, huku machozi yakimtoka.

Asubuhi moja Gilho akaomba kopo la kukojolea. Bongrye akampa bila matumaini. Mara ikasikika sauti ndogo, kama mvua inapoanza kugonga bati.

"Mama Chaeok! Unatoka!"

Bongrye akalichukua kopo, akaliinua juu mbele ya wodi nzima. "Jamani, tazameni! Baba Chaeok amekojoa!"

Wagonjwa wakapiga makofi. Mwalimu mstaafu wa kitanda cha pili akapaza sauti, "Hongera, bwana! Rudia!" Muuguzi alikuja mbio akidhani mtu kaanguka, alipoliona kopo, naye akapiga makofi. Daktari Pyo alipofika, alilipima na kulitazama kama mtu aliyeletewa zawadi.

Kuanzia hapo hakukuwa na kuzuia. Gilho alijaza kopo baada ya kopo, sasa wauguzi wakimhimiza anywe maji asije akakauka.

"Sasa umekuwa Mto Hantan," Bongrye akamwambia. "Tutajengewa daraja."

Akarudi nyumbani amekonda, lakini mzima.

Mwaka uliofuata, muuguzi alipoleta chanjo ya homa ile kijijini kabla ya mavuno, Gilho alikaa mlangoni pa ukumbi akiwapokea wanaume wenzake.

"Wewe Chundeok, mbona umekunja uso? Sindano iko kule, bado haijakuona!"

"Nyamaza, mzee wa makopo!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Bongrye akapita na sinia la keki za mchele, na kila aliyetoka akishika bega lililodungwa sindano alipewa moja, ya moto.