Kizibo Kisicho na Tundu

Pale maabara walimwita Macho, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka kumi na tisa alikuwa akigandisha tezi za mate za panya kwenye nta, akizikata vipande vyembamba vya kupitisha mwanga, akivitandaza juu ya vioo na kuvipaka rangi. Akiinamia darubini, kabla hujamaliza kuuliza ameshakwambia: huyu dume, huyu jike, huyu dume aliyehasiwa. Mifereji ya tezi ya panya dume ni minene, imejaa chembe. Ukimhasi, inanywea. Ukimrudishia homoni kwa sindano, inanenepa tena. Hapo hakuna ubishi, na panya hajui kusingizia mtu.

Basi wakaletwa panya ishirini na wanne waliohasiwa. Nusu wachomwe homoni iliyochanganywa na mafuta, nusu mafuta matupu, kila asubuhi kwa siku ishirini na moja. Mchoma sindano alikuwa mdogo wake Macho, binti kitinda mimba wao, ambaye Macho alimlea tangu mama yao alipofariki na hata hiyo kazi ndiye aliyemwombea. Siku zilipotimia, Macho akakata tezi zote. Loo! Zote nyembamba. Waliochomwa homoni na wasiochomwa, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Mkuu wa maabara akawaita ofisini, dada na mdogo mtu.

"Umekata kundi moja mara mbili," akamwambia Macho, hata kiti hakumkaribisha. "Zile namba kwenye nta ni ndogo. Hukuziona."

"Mkuu, mimi? Nta si ipo? Tukate upya, sasa hivi."

"Atakata mdogo wako. Jicho lako la kushoto lina ukungu tangu mwaka jana, na ulinificha. Kuanzia Jumatatu kaa nyumbani. Kiti chako atakikalia yeye."

Habari ya lile jicho aliijua mtu mmoja tu duniani. Macho alimwambia jikoni, Jumapili, wakimenya viazi, kwa sauti ya chini ingawa nyumbani walikuwa wawili tu. Na huyo mtu alimkumbatia, akamwambia, "Usijali, dada. Alhamisi nitakupeleka kliniki mwenyewe. Wakikutia yale matone ya macho hutaona njia, nitakushika mkono mpaka nyumbani." Leo mtu huyohuyo alikuwa amesimama pembeni, anachezea kifungo cha koti jeupe, macho sakafuni.

Macho akatoka. Hakulia, ingawa haki ya kulia alikuwa nayo. Iliuma, tena iliuma vibaya, lakini alikuwa na miaka kumi na tisa ya kuamini tezi kuliko watu, na tezi zilikuwa zimesema jambo. Vioo hakuvirudia. Basi kama mifereji haikunenepa, homoni haikuingia. Akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha panya, akafungua jokofu la dawa.

Chupa mbili, ndogo, za rangi moja. Ya mafuta ilikuwa imebaki tone, na kizibo chake cha mpira kimetobolewa na sindano kama chujio. Ya homoni ilikuwa imejaa pomoni. Akapitisha ncha ya kidole juu ya kizibo chake, taratibu, mara mbili. Kilikuwa laini, hakuna alama ya sindano. Jicho halikuhitajika hapo.

Alirudi ofisini bila kubisha hodi, akaiweka chupa mezani, mbele ya mdogo wake.

"Haya, mama. Mimi kipofu. Wewe mwenye macho mazima, mhesabie Mkuu. Kizibo hiki kina matundu mangapi?"

"Dada..."

"Hesabu!"

Binti alikitazama kizibo. Mkuu naye akakitazama, halafu akavua miwani yake akakitazama tena.

"Hakuna," binti akasema, na hapo machozi yakamtoka. "Siku ya kwanza nilikosea chupa, nikawa nawachoma wote mafuta, dada, wallahi nilikosea tu. Nimekuja kugundua siku ya kumi na mbili. Nikaona nikibadilisha katikati nitaumbuka."

"Ukaona afadhali niumbuke mimi."

Mkuu akaanza kukohoakohoa, mara samahani, mara bwana tusahau, mara Jumatatu njoo kazini kama kawaida. Macho aliitikia, kwa kuwa kazi ni kazi. Lakini kosa la chupa angelisamehe kabla chai haijapoa. Nani hajakosea? Kilichomkata maini ni lile jicho, siri aliyomkabidhi mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfunga kamba za viatu, ikauzwa kununua siku chache za kutogundulika.

Alhamisi asubuhi binti alisimama mlangoni, ameshavaa, mkoba begani. "Dada, twende? Tutachelewa."

Macho alimpita kama anavyompita mtu asiyemjua.

Kliniki ya macho ilikuwa na foleni ndefu. Muuguzi alimlaza kichwa nyuma, akashika kichupa cha matone, kisha akasita.

"Mama, nikikutia haya hutaona vizuri mpaka jioni. Umekuja na nani wa kukushika mkono?"

"Sina mtu," Macho akasema. "Tia tu."