Sahani Nambari Kumi na Saba

"Hii ndiyo yenyewe," alisema Daktari, akaichukua sahani nambari kumi na saba mikononi mwa fundi wake wa maabara, mwanamke kijana. Bakteria wa sahani hiyo walikuwa wameua vijidudu vya kuhara pande zote, wakaacha duara safi, pana kuliko yote. "Kesho watoto wa nguruwe wapewe hii iwakinge, wageni wanaotufadhili wakiwepo."

Fundi aliiandika nambari hiyo ubaoni bila kubisha. Yeye ndiye aliyezilea aina arobaini za bakteria, kutoka kinyesi cha nguruwe wazima wa afya. Jana alizijaribu kwa nyongo, kama ile inayomwagikia chakula tumboni. Nambari kumi na saba walikufa wote. Tumboni wasingemaliza saa moja. Nambari tisa, wenye kaduara kadogo kasikopendeza, walistawi. Majibu yalikuwa daftarini, pale pale mezani, lakini Daktari hakuwa mtu wa kusoma daftari la fundi. Alikuwa mtu wa kuliiba. Mwaka jana kazi ya fundi ya miaka mitatu ilichapishwa kwa jina la Daktari peke yake, na mwanamke huyo alipouliza aliambiwa ashukuru ana ajira. Tangu hapo chuki ilimkaa kifuani, wala hakutaka itoke.

Mkuki kwa nguruwe, alijisemea. Safari hii utamchoma mwenyewe.

Kesho yake akawanywesha nambari kumi na saba watoto wa nguruwe kumi na mmoja, walioachishwa kunyonya juzi tu, umri ambao kuhara huwavamia, huku Daktari akipigwa picha. Siku ya nne wakaanza kuhara maji. Siku ya sita wageni walirudi, wakakuta saba wamekufa, na Daktari akafokewa mbele ya watu kama mtoto wa shule. Fundi alisimama mlangoni, akafurahia kila neno.

Alipokwenda bandani kuosha vyombo, alimkuta mama aliyewalisha nguruwe akichimba shimo. Mizoga saba ilikuwa imepangwa juu ya gunia. Mama alimweleza, bila kuinua macho, kwamba Daktari amewaambia wageni banda lilikuwa chafu. Amefukuzwa kazi; kesho arudishe buti na funguo.

"Nililisugua kila asubuhi," alisema. "Wewe unayajua haya mambo ya vijidudu, mwanangu. Niambie ukweli, nilikosea wapi?"

Fundi alilichukua koleo, akaanza kuchimba. Udongo ulikuwa mgumu, na jibu lilikuwa daftarini mwake. Mama alipiga magoti kando ya gunia, akawa anamfuta mtoto mmoja wa nguruwe masikio kwa ncha ya khanga, taratibu, akisubiri jibu.