Mistari Miwili Niliyoongeza Jana

Saa mbili na robo asubuhi niliandika jina la akaunti, nikaandika nywila, nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi kidogo, kisha kikanirudisha palepale kwenye kisanduku cha kuandika jina. Hakikusema nywila ni mbaya. Kilinikaribisha vizuri, kikanitoa nje bila hata kunipa kiti. Nilirudia mara sita, kana kwamba mara ya saba kingenionea huruma.

Ile ni kompyuta yenye mfumo wa Unix, inayopanga mionzi katika hospitali yetu. Daktari huchora juu yake mahali panapotakiwa kupigwa, mpango hupelekwa kwenye mashine kubwa ya chumba cha pili, mgonjwa hulazwa, mionzi huwashwa. Akaunti inayoruhusiwa kupeleka mpango ni moja tu. Bila hiyo, mashine kubwa ni kitanda tu. Na saa sita mchana mafundi wangeichukua mashine hiyo kwa matengenezo ya siku kumi.

Mgonjwa wa kwanza siku hiyo alikuwa mama mdogo wangu, aliyenilea tangu nina miaka minne. Alikuwa ameikimbia mionzi mara mbili. Mara ya kwanza alisema viatu vinambana, mara ya pili aligeuza teksi njiani akisema hakuzima jiko. Safari hii nilimbembeleza wiki nzima, nikamwapia kwamba mitambo ile naitunza mimi mwenyewe, haina neno. Akaniambia waziwazi kuwa akirudishwa tena nyumbani, asije mtu kumtajia hospitali. Daktari naye alishaniambia kwamba uvimbe haukuwa wa kungojwa.

Sasa alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Saa mbili kamili alikuwa amemaliza chupa nzima ya maji, kwa maana mionzi ya tumbo la chini hutaka kibofu kijae. Kwa hiyo saa yangu ya kuhesabia muda ilikuwa ndani ya tumbo la mama mdogo.

Nami nilimjua aliyeharibu. Jana yake daktari alilalamika kwamba kila akiingia lazima aitafute programu ya mipango aifungue kwa mkono. Mimi na kiherehere changu nikafungua wasifu wa ile akaunti, lile faili dogo ambalo kompyuta hulisoma kila mtu anapoingia, nikaongeza mistari miwili: fungua programu ya mipango moja kwa moja, programu ikiisha, mtoe mtu. Nikasahau kwamba wiki iliyopita niliihamishia programu hiyo folda nyingine, kwa mikono yangu hii hii. Kompyuta iliitafuta, haikuiona, ikahesabu kazi imekwisha, ikamtoa mtu. Tena nilitoka na kwenda zangu nyumbani kabla ya kujaribu kuingia upya kwa dirisha la pili, jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwezi mmoja hukatazwa. Nywila ya msimamizi mkuu wa mfumo, ambayo ingeniokoa, ilikuwa kwenye bahasha ndani ya kabati la mkurugenzi, na mkurugenzi alikuwa safarini na ufunguo wake.

Nilikwenda ukumbini nimejikaza. Mama mdogo akauliza mbona kimya. Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikasema mashine imegoma kidogo, itakaa sawa.

"Imenigomea mimi," alisema, akauvuta mkoba wake mapajani. Nikamwomba dakika ishirini.

Ikabidi nimeze kiburi nimpigie Mzee Madirisha, mwanafizikia wetu, aliyekuwa likizo. Jina hilo tulimpa kwa sababu hafungi dirisha lolote kwenye kompyuta. Huacha kazi zake wazi wiki nzima, akaondoka baada ya kufunga kioo kwa nywila tu. Tangazo lililoko ukutani, UKIMALIZA TOKA, nililibandika mimi kwa ajili yake. Nilimweleza yote, na hakucheka, jambo lililoniuma zaidi.

"Ile ya chumba cha nyuma niliiacha wazi Ijumaa, kwa akaunti hiyo hiyo," alisema. "Fungua kioo tu. Aliyekwisha kuingia hasomewi wasifu upya."

Mafaili ya kompyuta zetu zote hukaa mahali pamoja, ukirekebisha moja huku limerekebishika na kule. Nilishukuru, nikakata simu, ndipo nikakumbuka. Jana hiyo hiyo, kwa hasira ya tangazo lisilosomwa, nilimwagiza mhudumu wa usafi azime kila kompyuta atakayoikuta inawaka asubuhi.

Nilikimbia. Nilimkuta anafuta meza, na kioo cha Mzee Madirisha ni cheusi tii. Nikamuuliza kama ameizima. Akajibu kwa fahari kwamba ameizima kama nilivyoagiza, na zingine zote pia. Nikainamia meza. Hapo ndipo nilipousikia mvumo mdogo chini yake. Feni ilikuwa inazunguka. Nilimwomba anionyeshe alivyozima, akaniwekea kidole kwenye kitufe cha kioo.

Siku nyingine ningempa somo refu, tena kwa sauti ya juu. Siku ile nilimshukuru mara tatu, akanitazama kana kwamba nina homa.

Niliwasha kioo, nikaandika nywila, madirisha tisa yakatokea, mojawapo ni mchezo wa karata ulioachwa katikati. Nikafungua wasifu, nikafuta mistari yangu miwili. Kwa haraka nikafuta na wa tatu usiohusika, nikaurudisha. Sikufunga kitu. Nilikimbia hadi kompyuta ya mbele, nikaingia. Kioo kikawa cheusi, kikakaa cheusi. Kisha kikafunguka. Mtaalamu wa mionzi alipeleka mpango saa tatu kasoro dakika tano.

Nilipokwenda kumwita mama mdogo, benchi lilikuwa tupu. Pale palikuwa na chupa tu.

Nilimkuta kwenye ngazi za nje, mkoba begani, anatafuta teksi kwa macho. Nilimwambia arudi, mashine imepona.

"Imenikataa nikiwa bado benchini," alisema. "Nikilala chini yake itanifanya nini?"

Ningeweza kutunga uongo mwingine, na ulikuwa tayari mdomoni. Niliona aibu, nikaumeza.

"Haikukukataa. Ni mimi niliyeharibu, mama. Ile kubwa hata haikuguswa. Jana niliongeza kitu kwenye kompyuta bila kukijaribu, na asubuhi hii nikakudanganya."

Aliacha kutafuta teksi.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa kiherehere?"

"Kwa kiherehere."

Akashusha pumzi, na mabega yake yakashuka pamoja nayo. "Ungesema tangu mwanzo. Mashine siijui, nitaachaje kuiogopa? Wewe nakujua. Ulivaa viatu kinyume hadi darasa la pili, na hukuua mtu." Akageuka kwa uangalifu, mkono mmoja tumboni. "Twende upesi, maji haya yananitesa."

Mlangoni mwa chumba cha mionzi alinikabidhi mkoba, halafu akasimama.

"Safari hii umejaribu kwanza?"

"Nimejaribu, mama."

Akaingia.